Taa ya Meza ya Kona

"Mimi tangu nianze kubeba trei sijamwaga hata tone," alisema yule dada. "Meli iyumbe, bahari ichafuke, mgeni anipige kikumbo, supu yangu itafika mezani imetulia kama maji ya mtungini."

Alikuwa akiwatambia wahudumu wenzake jikoni, jioni ya kwanza ya msimu, ndani ya meli kubwa ya watalii iliyokuwa ndiyo kwanza imeng'oa nanga. Kizibao cheusi kimemkaa sawasawa, nywele kazibana nyuma, trei juu ya vidole kama kofia. Ili wenzake waone anachokisema, akageuka kwa madaha, akausukuma mlango kwa nyonga, akaingia ukumbini kinyumenyume.

Nyuma ya mlango palikuwa na mtu.

Supu yote ya karoti ikahamia kwenye koti jeupe la mpiga kinanda mpya. Ilianzia kwenye kola, ikapitia kwenye tai ya kipepeo, ikamalizia mfukoni, ambako palikuwa na leso iliyokunjwa kwa ustadi mkubwa na ambayo haikukunjika tena maisha yake yote.

"Pole, kaka. Sikukuona."

"Ungenionaje na macho umeyaacha jikoni?"

"Na wewe unasimamaje nyuma ya mlango kama kitasa?"

"Natafuta kinanda."

"Kinanda hakikai mlangoni."

"Sasa nimejua." Akachovya kidole kwenye kola yake, akaonja, akatafakari kama daktari. "Imepungua chumvi."

Jikoni walicheka mpaka mpishi mkuu akagonga sufuria. Tangu jioni ile yule dada hakuitwa tena jina lake. Aliitwa Bila Tone, na aliitika, maana angefanya nini.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mzuri wa kutisha. Zulia jekundu lililoiva, nene, ukilikanyaga linakunyamazisha. Nguzo zimevikwa vioo kuanzia chini hadi juu. Taa za dari zilitengenezwa kwa vipande vya kioo, na meli ikiegama kidogo vilikuwa vinagusana na kulia kama meno ya mtu mwenye homa. Lakini kilichomsumbua Bila Tone zaidi ni madirisha. Mchana yalionyesha bahari. Jua likizama tu, yaligeuka vioo, na kule nje juu ya maji kukatokea ukumbi mwingine kama huu: wageni walewale, vijiko vilevile, wahudumu walewale. Alijizoesha kutotazama huko. Siku moja alitazama, akaona kule nje watu ni wengi kidogo kuliko humu ndani, akaamua hajui kuhesabu.

Bendi ilikaa upande wa pili wa ukumbi, nyuma ya nguzo: mzee mmoja wa saksafoni, mtu wa besi asiyependa kuongea, na mpiga kinanda wetu. Kazi yao haikuwa kuburudisha, ingawa wageni walidhani hivyo. Msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja wa glavu nyeupe anayetembea kama anayeogopa kuamsha mtoto, aliwaeleza wapya siku ya kwanza: "Wageni wanafikiri wanakula kwa njaa yao. Wanakula kwa mapigo yetu." Chakula kikichelewa, bendi ilipiga taratibu, na mtu angekaa na kipande kimoja cha mkate akitabasamu. Meza zikihitajika kwa zamu ya pili, bendi ilichangamsha, na watu wakatafuna haraka bila kujua nani anawafukuza. Jikoni na jukwaani paliunganishwa kwa simu za ukutani ili mambo yaende pamoja.

Alikuwepo pia fundi wa taa na sauti, kijana mtanashati, mcheshi, mwenye akili za haraka, anayependwa na karibu kila mtu. Hadithi hii haimhusu sana, ila nimeona si haki kumruka.

Basi ile simu ndiyo iliyowaunganisha.

"Jukwaa."

"Jikoni hapa. Samaki bado yuko kwenye moto. Punguza mwendo."

"Nipunguze kiasi gani, Bila Tone?"

"Kiasi cha mwanamume anayefikiria kuoa."

"Huyo hapunguzi mwendo. Huyo amesimama kabisa."

"Basi simama, ila usizime."

Na jioni ya pili yake:

"Jikoni hapa. Changamsha, zamu ya pili iko mlangoni."

"Sema tafadhali."

"Tafadhali."

"Sema tafadhali, mpenzi."

"Nina trei mkononi, usinichekeshe. Koti lingine la kumwagia sina."

Mchana, wageni wakiwa wanaota jua, wawili hawa walikutana deki ya nyuma ya wafanyakazi, mahali pa kuanikia mataulo. Bila Tone huvaa gauni lake la kijani lenye mikono mifupi, miguu peku, amechoka kuwa mhudumu. Mpiga kinanda huja na fulana iliyopauka, bila tai, na kumpigia nyimbo kwenye kiganja kwa vidole vyake virefu, na Bila Tone anabahatisha ni wimbo gani.

"Huu ni ule wa samaki amechelewa."

"Sio."

"Wa kuondoa vyombo."

"Sio. Huu bado sijautunga. Tulia usikie unavyokwenda."

Alitulia, na akajua. Mtu anajua. Mama yake mdogo, aliyekuwa akiosha vyombo kwenye meli ile tangu enzi ya zulia la zamani na ndiye aliyemtafutia kazi, alikuwa amemwambia: "Mwanangu, wanamuziki wana vidole vingi kuliko watu wengine. Angalia vinapokwenda." Lakini hata yeye, siku mpiga kinanda alipofika masinkini kumsalimia kwa heshima zote, akainamisha kichwa na kumsaidia kubeba rundo la sahani, alinung'unika tu kwamba kijana ana shingo nyembamba. Kwa mama mdogo hiyo ni baraka.

Palikuwa na neno moja mpiga kinanda alilokuwa hajalisema. Mkataba wake ulikuwa unaishia bandari inayofuata. Hoteli moja ya nchi kavu ilikuwa inamsubiri, na kinanda kizuri, na chumba. Alitaka kumwambia "njoo nami," na kila akifungua kinywa, kinatoka kichekesho. Bila Tone alijua kwamba mkataba unaisha, maana kwenye meli hakuna siri. Alikuwa anangoja aambiwe. Wote wawili wanangoja, meli inakwenda.

Sasa tuje kwenye meza ya kona.

Ilikuwa meza ndogo mwisho kabisa wa ukumbi, chini ya dirisha, kiti kimoja, juu yake taa fupi ya kivuli cha rangi ya dhahabu. Msimamizi wa glavu alimfundisha Bila Tone kanuni yake kwa sauti ya chini: "Utasikia bendi inapiga wimbo fulani, wa taratibu, unapanda ngazi tatu na kushuka mbili. Maana yake kuna mgeni amechelewa. Andaa meza ya kona, washa taa, sema karibu, peleka supu kabla hujaombwa. Usiulize jina."

Wiki za mwanzo wimbo ule haukupigwa. Kisha jioni moja, madirisha yakiwa ndiyo kwanza yanageuka vioo, akausikia. Ngazi tatu juu, mbili chini. Akaacha alichokuwa anafanya, akakimbia kupitia kijia cha masinkini kufuata bakuli, akaandaa, akawasha taa, akakiambia kiti kitupu "karibu," maana kanuni ni kanuni. Akaweka supu. Akageuka kuchukua mkate kwenye meza ya pembeni, akarudi.

Bakuli lilikuwa tupu.

Kijiko kimelazwa kifudifudi. Kitambaa kimekunjwa. Kiti kimesogezwa nyuma kidogo, kama mtu ameinuka kwa heshima. Akashika egemeo. Lilikuwa la baridi, baridi ya ndani ya jokofu.

"Huyu mgeni anakula kama anakimbizwa," akajisemea, akaondoa vyombo.

Jioni iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata. Kila siku wimbo, kila siku supu, na kila akigeuka, hakuna supu wala mlaji. Jioni ya nne aliona kitu kingine. Zulia lilikuwa limetoka kufyonzwa vumbi, manyoya yote yamelala upande mmoja. Juu yake palikuwa na alama za nyayo, ndogo, za miguu peku, vidole vyote vinaonekana. Zilitokea upande wa kijia cha masinkini na kuishia kwenye kiti. Za kurudi hazikuwepo.

Nyayo za mwanamke.

Hapo ndipo akili ya Bila Tone, ambayo kwa kawaida ilikuwa nzuri, ilipokata kona vibaya. Mtu mwingine angeogopa. Yeye aliona wivu. Kwa hesabu zake, kulikuwa na mwanamke humu melini anayekuja kujificha kona, anayekula haraka na kutoweka asionekane, na mpiga kinanda anampigia wimbo ambao hampigii mtu mwingine. Na kweli, akichungulia kwa pembeni ya nguzo, alimwona mpiga kinanda akipiga wimbo ule huku macho ameyakaza kwenye kioo, kioo kinachoitazama meza ya kona, uso umelegea kama wa mtu anayesoma jina lake mahali asipotarajia.

Akapiga simu.

"Jukwaa."

"Ule wimbo wa kona unampigia nani?"

"Nampigia anayestahili." Alikuwa anatania, maskini. "Kwani vipi, una wivu?"

"Nina kazi."

"Ni wimbo mzuri, lakini, sivyo? Nikiupiga nahisi kama mtu amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni."

"Hongera," akasema, akaikata simu.

Mpiga kinanda alibaki na mkonga wa simu mkononi. Na yeye alikuwa na lake. Kwenye kile kioo cha nguzo, kila jioni alikuwa anamwona Bila Tone anainama kwenye meza ya kona, anasema neno, anatabasamu, anaweka supu kabla wageni wengine hawajapata hata maji. Nani huyo anayehudumiwa kama mfalme? Kiti kilikuwa kwenye kivuli. Kuna jioni alikiona kitupu na kuna jioni alikuwa tayari kuapa ameona bega. Akakata shauri kwamba ni ofisa fulani wa meli, mwenye vifungo vinavyong'aa, na chumba chenye dirisha.

Mchana uliofuata hakuja kwenye mataulo. Jioni yake, simu ya jikoni ililia.

"Jikoni."

"Mpe salamu mgeni wako."

"Wangu, au wako?"

"Unanifanya mtoto, Bila Tone?"

"Mtoto ana haya. Piga kinanda chako, samaki ameiva."

Kuanzia hapo hawakuongea ila kwa kazi: punguza, ongeza, asante. Hata wageni walikosa raha bila kujua sababu. Wale wa zamu ya kwanza walitafuna nyama yao huku wamekunja nyuso. Na wimbo wa ngazi tatu juu, mbili chini, ukaendelea kila jioni, na meza ya kona ikaandaliwa kila jioni, maana wote wawili walikuwa watu wa kazi na hakuna aliyetaka kuonekana ameivunja kanuni kwa ajili ya moyo.

Ikabaki jioni moja kufika bandarini. Mama mdogo akamvuta mpwa wake masinkini, akamkalisha juu ya kreti la glasi.

"Hebu niambie. Hili bakuli la kona linarudi hivi kila siku?"

"Anamaliza yote. Ana njaa huyo malaya."

"Chunga mdomo. Tazama." Akamwinulia bakuli kwenye taa. "Supu ikiliwa kwa kijiko inaacha alama. Ikilambwa inaacha alama. Hili halina kitu. Ni kavu. Nalirudisha kabatini bila kuliosha."

Bila Tone akapitisha kidole ndani yake. Kilitoka kikavu, na baridi.

"Siku nilipoanza kazi humu," mama mdogo akasema, mikono yake iliyokunjamana kwa maji ikitafuta taulo, "walipanda bwana na bibi waliotoka kufunga ndoa. Wakakosana deki kwa jambo dogo, wala sidhani kama wenyewe walilikumbuka. Bwana akaja kukaa meza ya kona. Akawaambia wa bendi: pigeni wimbo huu mpaka mke wangu aje. Na mke yuko nje amenuna, anangoja mume atoke kumfuata. Huyu anangoja aanze yule, yule anangoja aanze huyu. Mwisho yule binti akaamua aje. Baharia mmoja alimwona anavua viatu, anavishika mkononi, asije akasikika anaingia amechelewa watu wanakula."

"Halafu?"

"Hakuna aliyemwona akiingia ukumbini. Na hakuna aliyemwona tena mahali pengine. Bwana aliteremka peke yake." Akakausha kiganja kimoja, kisha kingine. "Tangu hapo mwenye meli anataka meza ile iwepo, na wimbo uwepo. Sasa wewe unamngoja yule kijana mpaka lini? Nenda ukamuulize. Muulize kama mtu, usimuulize kama askari."

Alimkuta ukumbini, alasiri, meza zimeshatandikwa vitambaa vyeupe na hakuna mtu. Amekaa kwenye kinanda bila kupiga, koti jeupe limetundikwa, doa la karoti bado linaonekana kidogo kwenye kola. Bila Tone alikuwa amevaa gauni la kijani. Alilivaa makusudi, tusidanganyane.

"Unashuka kesho," akasema.

"Nashuka."

"Hukuniambia."

"Ungetaka kujua? Una mtu wako wa kona."

"Mimi nina mtu wa kona? Wewe ndiye unayempigia wimbo kila jioni. Mwanamke. Nimeziona nyayo zake."

"Mwanamke gani? Mimi nampigia kwa sababu unamwandalia."

"Namwandalia kwa sababu unampigia."

Wakatazamana. Vipande vya kioo vya dari viligusana kidogo.

"Ngoja," mpiga kinanda akasema taratibu. "Mimi yule mpiga kinanda wa zamani aliniachia kanuni moja. Ukiona kwenye kioo taa ya kona imewaka, mgeni wa kuchelewa amefika, mkaribishe kwa wimbo ule. Ndivyo ninavyofanya. Naona taa imewaka, napiga."

"Haiwezekani. Taa naiwasha mimi, nikishasikia wimbo. Nikifika pale huwa imezimika."

"Inakuwa imewaka kabla sijagusa kinanda. Kila jioni."

"Nani anaiwasha?"

Walimtafuta fundi wa taa, wakamkuta anafungasha nyaya zake. Akaapa, mkono kifuani, kwamba waya wa meza ile haupiti kwenye bodi yake, na kwamba yeye ana kazi nyingi za maana kuliko kuchezea taa za watu. Alisema vizuri sana. Waliondoka wamemwamini, na njiani Bila Tone akamsimulia mwenzake kisa cha yule bibi wa viatu mkononi.

"Leo tusianze," Bila Tone akasema. "Wala wewe wala mimi. Tusimame pamoja tuone."

Jioni ikaja, ya mwisho. Wageni wamependeza kwa kuagana na safari: magauni yanayoburuza, suti nyeusi, manukato yaliyochanganyika mpaka ukumbi ukanukia kama duka la maua lililofungwa muda mrefu. Mzee wa saksafoni alibaki anapuliza peke yake kitu kisicho na maana yoyote. Mpiga kinanda na Bila Tone walisimama mlangoni mwa jikoni, bega kwa bega, huyu hana trei, yule hana kinanda. Jua likazama. Madirisha yakageuka.

Taa ya kona ikawaka.

Hapakuwa na mtu karibu yake. Mwanga wa dhahabu ulikaa juu ya kitambaa cheupe, na kwa ule mwanga waliliona zulia. Manyoya yake yalikuwa yamelala upande mmoja, safi. Kisha pale yanapoanzia kwenye kijia cha masinkini, palibonyea unyayo. Kisha wa pili mbele yake. Vidole, kisigino. Zilikuja bila haraka, hatua ya mtu anayejitahidi asisikike, zikapita kati ya meza mbili zilizojaa wageni waliokuwa wanacheka, na bibi mmoja mwenye mkufu wa lulu akajifunika mabega bila kukatisha maneno yake. Kiti cha kona kikasogea nyuma, kidogo tu.

Mkono wa mpiga kinanda ulikuwa umeushika wa Bila Tone kwa nguvu.

"Nenda ukampigie," Bila Tone akanong'ona.

"Na wewe?"

"Mimi nitaandaa wawili. Amekula peke yake muda mrefu."

Ngazi tatu juu, mbili chini. Bila Tone alibeba mabakuli mawili kwenye trei moja, na ninyi mnaomcheka jina lake mjue kwamba jioni ile hakumwaga hata tone. Akaongeza kiti cha pili. Akasema karibuni, kwa wingi. Akageuka bila kungoja kuona, akarudi jikoni, na simu ya ukutani ikawa inalia.

"Jikoni."

"Napiga kwa mkono mmoja, kwa hiyo nisikilize haraka." Nyuma ya sauti yake wimbo ulikuwa umebaki na upande wa kushoto tu. "Hotelini kuna chumba. Kuna kinanda. Hakuna wewe. Nilitaka kukuambia tangu wiki ya kwanza, nikawa nasubiri uonyeshe dalili."

"Na mimi nikawa nasubiri useme."

"Sasa nasema. Tuoane, Bila Tone. Uwe wangu, niwe wako, unimwagie supu mpaka tuzeeke. Sitaki nikufanye uje peku umechelewa."

Alifunika mkonga kwa kiganja. Wahudumu wote jikoni walikuwa wameacha kazi. Mpishi mkuu alikuwa ameshika mwiko hewani. Masinkini maji yalikuwa yamefungwa ili mtu asikie vizuri.

"Bado upo?" ikasema simu.

"Nipo. Maliza wimbo wa watu vizuri, kwa mikono yote miwili. Halafu piga ule wa kuondoa vyombo."

"Chakula hakijaisha, mpenzi."

"Mimi nimemaliza. Meza yangu humu naiondoa leo."

Alielewa. Wimbo wa kona ulishuka ngazi zake mbili za mwisho, ukatulia. Kisha kinanda kikalipuka na wimbo wa kufukuza watu mezani, kwa kasi ambayo haijawahi kusikika melini, besi akashtuka akafuata, na wageni wote wa zamu ya kwanza wakaanza kutafuna mbiombio, wakameza, wakafuta midomo na kuinuka, huku kila mmoja anamuuliza mwenzake kuna nini.

Bila Tone alipokwenda kuondoa vyombo vya kona, mabakuli yote mawili yalikuwa makavu. Viti vyote viwili vimesogezwa nyuma. Na taa ilikuwa imezimika.

Waliteremka asubuhi pamoja, mabegi mawili na doa moja la karoti. Sasa wana nyumba nyuma ya hoteli, na hadithi hii naisimulia kila wakinialika chakula, na kila mara wageni wao hunyamaza nikifika kwenye zile nyayo, nami huacha kidogo ninywe maji ili wanyamaze zaidi.

Jumapili iliyopita mama mdogo alikuwepo. Amestaafu, amenenepa kidogo, anakaa kwenye kiti chenye mikono na kushonea watu vifungo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso kwenye sindano yake. Watu walipokwisha kushusha pumzi, akakata uzi kwa meno.

"Umesimulia vizuri," akasema. "Huyo fundi wa taa mtanashati, mcheshi, mwenye akili za haraka. Mbona husemi ni wewe?"

Bila Tone akageuza shingo taratibu sana. Mumewe akaweka chini uma.

"Mama mdogo, watu wanakula," nikasema.

"Bodi yako ilikuwa mlangoni mwa masinki yangu. Kila jioni nilikuona ukiiwasha taa ya kona, unachungulia kijana aanze kupiga, halafu unaizima. Ulitaka mpwa wangu apite mbio kwenye kile kijia, akugonge bega, akuambie samahani kaka. Hiyo ndiyo kazi yako nyingi ya maana. Hata jioni ile ya mwisho ulibonyeza wewe."

Mezani walianza kucheka, nami nikaanza kucheka nao, maana ukishikwa ni heri ucheke. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa anatunga uzi mwingine kwenye sindano, jicho moja kalifumba.

"Hayo mimi sikusema kwa sababu hayakudhuru mtu," akasema. "Ila yule aliyekuwa anasimama nyuma yako, viatu mkononi, akikungoja uwashe ili aone njia, ulikuwa unamchelewesha sana. Siku nyingine ukibonyeza uwe unasogea, mwanangu. Kile kijia ni chembamba."